Mti ukianguka saiti, nani anajibu?

Mkandarasi wa barabara akifika kijijini huja na greda lake, dereva wake na fomeni wake. Mkandarasi wa umeme huja na gari la nguzo na vijana wa kupanda. Mara nyingi anayekosekana ni mtu mmoja tu, mkata miti. Basi fomeni anauliza dukani, au kwa mwenyekiti wa kitongoji, nani hapa ana msumeno wa moto, yaani ile mashine ya mnyororo. Jina linatajwa, simu inapigwa, bei inakubaliwa kwa kila mti, na kabla ya saa nne asubuhi mlio wa mnyororo unasikika hadi ng'ambo ya bonde. Jioni fedha inaingia kwenye simu. Karatasi hakuna.

Kazi nyingi za namna hiyo huisha salama, na kila mtu anarudi kwake na chochote mfukoni. Makala haya yanahusu ile siku nyingine, siku mti unapogeuka na kumwangukia mtu. Siku hiyo swali la kwanza hospitalini ni nani analipa. La pili, ambalo linaweza kuchukua muda mrefu zaidi kuliko kidonda chenyewe, ni kama aliyeumia alikuwa mfanyakazi wa mtu yeyote.

Tunalileta sasa kwa sababu kazi zenyewe zimesogea karibu na nyumba zetu. Umeme wa REA ulianza kwa kufuata vijiji, vijiji 12,318 vya Tanzania Bara. Sasa laini zinashuka kwenye vitongoji, na huko ndiko iliko miti ya watu: mwembe wa uani, mikaratusi ya mpakani, minazi na mikorosho kwa wenzetu wa pwani. Barabara nazo zimepanuka. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilisogeza mpaka wa hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kwa hiyo mti uliopandwa na babu nje ya hifadhi leo unaweza kuwa ndani yake. Mradi ukifika, mti huo utaangushwa, na kuna mtu ataitwa kuuangusha.

Ukikusanya karatasi za mradi mmoja wa aina hii unajaza meza. Mkandarasi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, na pembeni ya kazi husimama bango lenye jina la mradi, mwenye mradi na mkandarasi. Eneo la kazi linatakiwa kujulikana kwa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Mti ukiwa wa msituni una mambo yake kwa afisa misitu na kwa TFS. Kila kimoja kina muhuri wake. Kisha unamgeukia yule aliyeshika msumeno na kumuuliza karatasi yake yeye, inayosema kwamba anaijua kazi hii. Hana. Na aliyemwita hakumwomba.

Sheria haijamsahau kabisa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelekezo, mafunzo na usimamizi ili afanye kazi bila kuumia. Inamtaka atoe vifaa kinga, na ahakikishe mfanyakazi amepimwa afya kulingana na kazi anayoifanya. Ni mambo mazuri yote. Lakini soma tena: kila sentensi inaanza na neno mwajiri. Kama huna mwajiri, au kama aliyekuita atasema yeye si mwajiri wako, haki hizo zinabaki kwenye kitabu.

Wapo wanaosema dawa ni kadi: mkata miti awe na kadi, bila kadi asiingie saiti. Tuangalie nchi moja ambako jambo hilo limezoeleka. Uingereza, fundi anayekwenda kwenye saiti kubwa huombwa getini kadi ya CSCS, mpango ulioanza mwaka 1995. Hata huko wako wanaodhani kadi hiyo ni amri ya serikali. Si amri ya serikali, ni wakandarasi wakubwa wanaoidai. Wakata miti na watunza bustani wana kadi ya tawi lao, LISS/CSCS, na ili uipate unahudhuria mafunzo ya siku moja ya usalama na kuonyesha vyeti vya fani yako.

Hizo ni karatasi mbili, na hazifanyi kazi moja. Kadi inasema huyu anajua kuishi saiti: anajua kofia ngumu ni ya nini, anajua asipite nyuma ya mashine inayorudi nyuma. Haisemi kwamba anajua kuangusha mti. Kwa mti kuna vyeti vingine, na mwongozo wa kanuni zao za vifaa vya kazi za mwaka 1998 unasema anayetumia msumeno wa mnyororo kwenye mti awe amefunzwa na kupata cheti cha umahiri. Vyeti hivyo navyo vimegawanywa. Kuna cha kutunza mashine na kukata magogo yaliyolala chini. Kuna cha kuangusha miti midogo, isiyozidi kipenyo cha sentimita 38. Kuna cha kupanda kwa kamba na kumwokoa mwenzako aliyekwama juu. Kuna cha kutumia msumeno ukiwa umening'inia juu ya mti. Mwenye cheti cha magogo hapandi. Kamba na mikanda ya kupandia hukaguliwa na mtu mwenye ujuzi kila baada ya miezi 6, na aliye juu hafanyi kazi bila mwenzake chini anayeweza kupanda kumshusha.

Hatusemi tuchukue mfumo huo mzima tuulete kwetu. Vyeti vile vinagharimu fedha nyingi, na mtu anayelipwa kwa mti mmoja mmoja hawezi kuvinunua. Ukileta kadi bila mafunzo utapata kadi za kughushi tu, tunajuana. Tunachokiona chenye faida ni ule mgawanyo: kujua saiti ni jambo moja, kujua mti ni jambo lingine, na kujua kupanda ni la tatu. Kwetu mtu mwenye msumeno anahesabiwa anajua yote matatu kwa sababu ana msumeno.

Na kazi yenyewe si ndogo. Aliyezoea kupasua mbao msituni anaweza kuwa fundi kweli kweli, na wengi wao ni mafundi, waliofundishwa na kaka au mjomba. Lakini msituni mti unaangukia miti mingine. Saiti, chini ya mti huo kuna waya, bati la jirani, greda lililoegeshwa, watoto waliotoka shule kuja kushangaa, na mama anayewauzia mafundi chai. Kanuni ya wakata miti ni kwamba asiyehusika akae mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti. Mkaratusi wa mita 20 unataka mita 40 tupu kila upande. Hebu fikiria kitongoji gani kina mita 40 tupu kila upande.

Wakata miti wazuri watakwambia kwamba siri iko kwenye sehemu isiyokatwa. Unakata kabari upande unaotaka mti ulalie, kisha unakata kutoka nyuma, na kati ya mikato hiyo miwili unaacha ukanda mwembamba wa mti mzima. Huo ndio bawaba, kama bawaba ya mlango, na ndio unaouongoza mti chini taratibu. Mwenye haraka hukata mpaka mwisho. Bawaba ikikatika mti hauna bwana tena, unakwenda unakotaka wenyewe. Mti ulioinama ni mbaya zaidi, kwa sababu shina linaweza kupasuka kwa wima kabla ya kuanguka na kipande kikarushwa nyuma, kwenye kifua cha aliyeshika mashine. Na msumeno wenyewe, ukigusa kitu kwa ncha yake ya juu, huruka kumrudia mwenyewe usoni kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuizuia.

Juu ya hayo weka umeme. Tawi bichi hupitisha umeme, na lenye umande au mvua hupitisha vizuri zaidi. Waya mpya ambao jana ulikuwa haujawashwa leo unaweza kuwa umewashwa. Kupiga simu kwa fundi unayemjua hakutoshi: laini huzimwa na TANESCO, na aliye kazini athibitishiwe imezimwa kabla msumeno haujawashwa. Mkandarasi akikuambia kata tu, tutawaambia baadaye, hapo ndipo pa kuzima mashine na kukaa chini.

Turudi kwenye lile neno mwajiri, maana huko ndiko haki inakopatikana au kupotea. Mkata miti wa kijijini huja na msumeno wake mwenyewe, petroli yake na oili yake. Ajali ikitokea, jambo la kwanza atakaloambiwa ni kwamba yeye ni mkandarasi kama mkandarasi mwingine, alipewa kazi, si ajira. Watu wengi husikia hivyo wakakata tamaa na kurudi nyumbani.

Wasikate tamaa mapema. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaweka vigezo saba vya kumtambua mfanyakazi, na inasema kimoja tu kikiwepo mtu huyo atahesabiwa kuwa mfanyakazi, hata mkataba uwe wa namna gani, mpaka anayepinga athibitishe vinginevyo. Vigezo vyenyewe ni hivi: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa za kufanya kazi, kama anafanya kazi kwenye taasisi, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, anapewa zana za kazi na mtu huyo, au anamfanyia kazi mtu huyo peke yake.

Angalia zana ni kigezo kimoja kati ya saba. Kuja na msumeno wako kunakunyima hicho kimoja, hakukunyimi sita vingine. Kama fomeni alikuambia ufike saa moja, akakuonyesha mti upi uanze, upande upi uangukie na saa ngapi usimame kupisha magari, hayo ni maelekezo na hizo ni saa. Kwa maoni yetu hapo mkata miti ana hoja nzito kuliko anavyodhani. Lakini hoja inataka ushahidi, na ushahidi wa maneno ya mdomo hupotea siku mradi unapohama kijiji.

Kuna mtu mwingine ambaye hata mkata miti mwenyewe humsahau, yule anayevuta kamba. Mwenye msumeno huja na kijana mmoja au wawili: mmoja wa kuvuta kamba mti uelekee pazuri, mwingine wa kuburuta matawi. Huwalipa yeye mwenyewe, kutoka kwenye fedha yake. Sasa pima kwa vigezo vile saba. Nani aliwaelekeza? Nani aliwapangia saa? Nani aliwapa kamba? Ni wewe, ndugu yetu mwenye msumeno. Bila kujua umekuwa mwajiri, na yale yote uliyokuwa unamdai mkandarasi, kofia ngumu, maelekezo, usimamizi, kijana wa kamba anaweza kukudai wewe. Na ndiye anayesimama upande mti unakoelekea.

Hili la kijana wa kamba ndilo linalotufanya tushauri mkata miti amwombe mkandarasi aandike majina yote, na la msaidizi likiwemo, kabla ya kazi. Mkandarasi akiwachukua wote kama vibarua wake, wote wako chini ya paa moja. Akikataa, angalau umejua mapema umesimama wapi, na unaweza kupandisha bei au kuondoka.

Kwenye ujenzi wa madarasa na zahanati mambo ni magumu zaidi. Siku hizi majengo mengi ya kijiji hujengwa bila mkandarasi: kamati inanunua vifaa, inatafuta fundi wa hapa hapa, na wananchi wanachangia nguvu zao. Kusafisha kiwanja huwa ndiyo kazi ya kwanza ya wananchi, na kwenye kiwanja kuna mwembe. Wanaume sita wanajitokeza na shoka, kamba na msumeno wa kuazima. Hakuna anayelipwa, kwa hiyo ni vigumu kusema nani mfanyakazi wa nani. Mchango wa nguvu kazi ni jambo jema na limejenga shule nyingi nchini. Kubeba mchanga, kusomba mawe, kuchimba msingi, sawa. Kuangusha mti mkubwa kusiwemo. Kamati itenge fedha, imwajiri mtu kwa maandishi, hata kwa siku moja, na wengine wakae mbali.

Kwa nini tunasisitiza kuajiriwa, hata kwa siku moja? Kwa sababu ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Wako wanaodhani mfuko huo ni wa watumishi wa ofisini. Sheria yake inamtambua mfanyakazi mwenye mkataba wa maandishi na wa mdomo pia, anayelipwa kwa muda na anayelipwa kwa kiasi cha kazi. Mchango ni wa mwajiri peke yake, asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti. Ukiumia kazini mfuko unagharamia matibabu. Ukilazimika kulala nyumbani unalipwa asilimia 70 ya kipato chako kwa muda unaoruhusiwa. Ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 unaleta malipo ya kila mwezi. Mtu akifariki kuna msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi.

Ila hesabu hiyo inafuata kipato kilichoandikwa. Kama hakuna mahali palipoandikwa ulilipwa kiasi gani, utaanza kubishania hilo kwanza. Na muda una kikomo: mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7 tangu aijue, na madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Familia zinapoteza haki kwa kusubiri arobaini ipite, kisha mavuno, kisha mkandarasi amehama na namba yake haipatikani.

Simu uliyonayo mkononi inaweza kufanya nusu ya kazi ya karani. Kabla hujawasha msumeno, piga picha ya bango la mradi. Jina la mkandarasi lipo pale. Mtumie fomeni ujumbe mfupi wa kawaida, kwa mfano: "Nimefika na msaidizi mmoja, tunaanza miti ile mitano ya kando ya daraja kama ulivyotuelekeza, malipo kiasi fulani kwa mti." Akijibu sawa, una mkataba wenye tarehe na saa. Usifute ujumbe wa malipo ulioingia kutoka kwake, hata kama simu imejaa. Futa picha za harusi. Kama laini ya umeme iko karibu, uliza kwa ujumbe pia kama imezimwa na nani kaizima, na subiri jibu. Na mpe mkeo, mumeo au ndugu mmoja jina la mradi na la fomeni kabla hujatoka nyumbani, maana aliyelala hospitalini hawezi kueleza.

Kuhusu ujuzi, kuna milango miwili ambayo tungependa izungumzwe zaidi kwenye mikutano ya vijiji. Mmoja ni mpango wa serikali na VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa, anaongezewa pale palipopungua na kupewa cheti. Waashi na maseremala wamepita huko. Mwingine ni mafunzo ya misitu: kuna vyuo Olmotonyi na Moshi, na kituo cha mafunzo Mafinga, karibu na mashamba ya Sao Hill, ambako kukata mti ni kazi ya kila siku. Tungependa kuona mkata miti wa saiti naye akitambuliwa kwa mtindo huo, apimwe kwa mti, kwa kamba na kwa waya, na kadi yake iseme yupi anaruhusiwa kupanda na yupi abaki chini. Wakandarasi wenye miradi ya umma wanaweza kutakiwa kumtumia mwenye kadi hiyo mara tu mafunzo yatakapofika karibu, si kabla. Ukianza na kadi utawafukuza mafundi halali, na miti itaendelea kukatwa na mwenye bei ndogo.

Wakati hilo halijafika, swali moja linaweza kuulizwa na mtu yeyote aliyepo, hata mama wa chai: kijana yule anayevuta kamba, jina lake limeandikwa kwa nani?